Wimbo wa Tano

Bariadi,
14 Juni 2025

Shemeji yangu Mektilda,

Mwadila. Natumaini wewe na wanao hamjambo, na kwamba homa iliyokusumbua wakati wa Pasaka imekwisha kabisa. Mimi ni mzima, ila goti la kulia linanikumbusha umri kila ninapoinuka.

Memori kadi uliyomkabidhi kondakta imenifikia salama, nami nimeitia kwenye redio yangu. Tumeingoja albamu hii ya bendi yetu ya Ngurumo Kavu miaka kumi na mmoja, kwa hiyo sitaki kuihukumu kwa papara. Nimesikiliza nyimbo nne tu, kisha betri ikaisha. Roki wameizidisha. Magitaa yanaunguruma kama mashine ya kuchambua pamba, na rege yetu imebaki kwenye besi peke yake. Wimbo wa pili ungepaswa kuisha mapema. Wameuvuta bila sababu. Hata hivyo, sauti ya Januarius imenigusa. Zamani aliimba kama mtu anayedai, na sasa anaimba kama mtu anayekumbuka.

Nieleze maoni yako, na uyaandike kwa kalamu. Usinitumie tena ujumbe wa sauti kwa simu ya jirani.

Shemeji yako,
Luhaga

*

Lamadi,
20 Juni 2025

Shemeji Mwalimu,

Huku mhola duhu, amani tupu. Homa iliondoka yenyewe ilipoona sina muda nayo. Watoto wanakuamkia, na goti lako nalo nalipa pole.

Eti mashine ya kuchambua pamba! Mzee, masikio yako ndiyo yaliyochakaa. Magitaa hayohayo ndiyo yaliyotupandisha lori la pamba kwenda Mwanza mwaka tisini na nne, wewe, mimi na marehemu dada Martha. Na wewe ndiye uliyecheza mpaka kiatu kikaachia soli. Au nikukumbushe ulivyorudi Bariadi ukichechemea?

Nunua betri usikilize wimbo wa tano. Kwanza magitaa yananyamaza. Kisha Januarius anasoma barua ambayo mama yake aliiokota mlangoni mwaka tisini na tisa, wanakijiji walipomsingizia uchawi kwa sababu ya macho mekundu, kana kwamba moshi wa kuni na samadi haujamwumiza macho mwanamke mwingine yeyote. Anaisoma yote, polepole, neno kwa neno: “Mama, tunakuomba kwa heshima uondoke kabla mwezi mpya haujaandama. Ukichelewa, hatutaweza kuwazuia vijana.” Halafu ngoma inapiga mara moja tu. Nililia mbele ya wateja, dagaa mkononi. Na Kiswahili chenyewe kilivyonyooka! Aliyeandika alisoma huyo, Mungu amlaani.

Sasa habari njema. Bendi itaizindua albamu Bariadi, Jumamosi tarehe 2 Agosti. Sisi mashabiki wa zamani tumekuchagua usome risala ya kuwakaribisha. Ulikuwa mwalimu kijijini kwao Januarius na jirani wa mama yake. Nani mwingine anafaa? Mama huyo mwenyewe, Mayu Salu, atakaa mbele. Nijibu upesi.

Shemeji yako,
Mektilda

*

Lamadi,
8 Julai 2025

Shemeji Mwalimu,

Hujambo lakini? Nakuuliza kwa sababu kondakta amepita hapa mara nane, na kila mara ananionyesha mikono mitupu. Kama umepatwa na maradhi, sema nije. Kama hukuipenda albamu, sema tugombane. Kimya hiki si chako. Wewe hata kadi ya harusi huirudisha ikiwa na masahihisho.

Juzi nilikwenda Kalemela kununua samaki nikamkuta Mayu Salu, anaishi pale kwa mdogo wake. Amezeeka, ila ulimi bado ni mkali. Aliniuliza, “Wewe ndiwe shemeji wa yule mwalimu aliyekuwa akitembea kama amemeza rula?” Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikamwambia ndiye atakayesoma risala. Alifurahi, Shemeji. Akanieleza kuhusu barua ile. Hajui kusoma, lakini kwa miaka ishirini na sita amewaomba watu wengi wamsomee. Akasema, “Wote walinitukana mchana kweupe. Aliyeandika peke yake ndiye aliyeniita Mama. Nadhani alinionea huruma.”

Nimeona nikuandikie hilo, labda litakufaa kwenye risala. Jibu basi.

Shemeji yako,
Mektilda

*

Bariadi,
13 Julai 2025

Shemeji Mektilda,

Salamu. Sina maradhi.

Betri nilinunua siku ileile barua yako iliponifikia. Wimbo wa tano nimeusikiliza mara moja tu, na sikuhitaji kuufikisha mwisho, kwa sababu maneno yale nayafahamu. Barua ile niliiandika mimi.

Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wamekufa, na mtoto mmoja. Wazee walikaa kikao wakaafikiana kwamba aondoke. Wakaja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kuandika. Nilijiambia kwamba barua yenye adabu ingemwondoa salama kabla ya mapanga. Hiyo ndiyo sababu niliyoishi nayo. Ukweli ni kwamba niliogopa kukataa, wasije wakaniuliza ninamtetea kwa nini. Na uko ukweli mwingine ulio mbaya zaidi: niliinakili mara tatu ili iwe safi. Nilipomaliza, nilijisifu moyoni. Dada yako aliponiuliza ninafanya nini, nilimjibu kwamba nasahihisha madaftari. Alikufa bila kujua.

Niliandika kwa herufi kubwa ili mwandiko wangu usijulikane. Neno “Mama” ambalo mwenyewe ameliona kuwa huruma, nililiandika kwa mazoea tu, kama ninavyoanza barua yoyote kwa mwanamke aliyenizidi umri.

Baada ya hapo niliendelea kununua kanda za bendi. Mwaka 2003 Januarius alinipa mkono jukwaani, akaniita mwalimu wake, nami nikaupokea mkono ule nikitabasamu.

Siwezi kusoma risala. Waambie naumwa. Yaliyobaki amua wewe.

Shemeji yako,
Luhaga

*

Lamadi,
18 Julai 2025

Luhaga,

Umenipa niamue mimi. Wazee wale nao walikupa kazi yao, ukaifanya kwa mwandiko safi. Mimi sifanyi yako.

Sitawaambia kwamba unaumwa, kwa sababu huumwi. Nimewaambia hutasoma, basi. Mayu Salu sitamwambia lolote, wala sitakutangulia kumlainisha. Magari ya Kalemela unayajua.

Nimemlilia dada yangu leo kana kwamba amekufa jana.

Mektilda

*

Bariadi,
5 Agosti 2025

Shemeji Mektilda, kama bado unaniruhusu kukuita hivyo,

Sijui kama unataka kujua hali yangu. Ya kwako naiulizia kwa dhati.

Nilikwenda Kalemela tarehe 26 Julai. Nilimkuta Mayu Salu anaanika dagaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kuketi na mimi sikustahili. Aliuliza, “Wewe ndiye?” Nikajibu, “Ndimi.” Nikamweleza na lile neno alilolidhania huruma, nisije nikajibakizia hata huruma hiyo kwa udanganyifu. Aliendelea kuwatandaza dagaa hadi chandarua kikajaa. Hakunitukana. Ningefarijika angalau kwa tusi.

Kisha akasema, “Mume wangu nilimwacha kule, sikupewa muda hata wa kumuaga. Kaburi lake analifyeka nani?”

Nilifundisha kijijini pale kwa miaka tisa zaidi baada ya yeye kufukuzwa. Njia yangu ya kwenda shule ilipita nyuma ya mji wake, boma alimozikwa mumewe, asubuhi na jioni.

Akaniambia, “Nenda ukaangalie, halafu urudi uniambie. Januarius usimguse kwanza, mwache aimbe. Baadaye utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo.”

Nilikwenda. Jumamosi, mlipokuwa uwanjani na Ngurumo Kavu, nilikuwa nikihesabu hatua katikati ya miti ya pamba. Mji wake haupo tena. Pamelimwa mpaka barabarani. Nimetafuta siku tatu. Mwenye shamba alinisaidia kwa moyo mweupe. Ni kijana, hajui habari za mwaka ule. Alisema kwamba alipolinunua shamba alikuta rundo la mawe, akalitoa lisimvunjie jembe la ng'ombe. Nilimwuliza lilikuwa upande gani. Alisimama akageuka huku na huku, kisha akasema hakumbuki.

Kesho narudi Kalemela kumwambia Mayu Salu kwamba hata hilo hatukumwachia.

Shemeji yako,
Luhaga