Samaki wa Mgeni

Mjukuu wangu Koku,

Huku Izigo tu wazima, waitu, mpenzi wetu. Babu yako anakohoa, lakini bado anagombana na redio. Umeniuliza uwaambie nini mahakamani, wanapotaka kujua nyumba yako inahitaji nini ili iishi, maana biashara yako imefilisika.

Duka la baba yangu pale Kagoma nalo lilifilisika, enzi za Ujamaa. Akaja bwana mmoja kutoka Bukoba kuangalia tunaishije, ili tuachiwe cha kututosha, kinachobaki kiende kwa wanaotudai. Sikumpenda tangu mlangoni. Alitabasamu mno, na macho yake yalikuwa jikoni.

Lakini mgeni ni mgeni. Mama alimpa kahawa ya kutafuna, kisha akaenda kuazima samaki kwa jirani, akampikia na ndizi. Bwana yule alikula mpaka akalamba vidole, ndipo akauliza, "Sabuni na mafuta ya taa mnapata?"

Baba akaona aibu kulia njaa mbele ya mgeni. "Hatukosi," akasema.

Basi akaandika kwamba tunajitosheleza, na kahawa yetu yote tuliyovuna shambani msimu ule ikachukuliwa kulipa madeni. Mpaka leo sijui kama yule bwana alitutega au alituamini.

Wewe waambie mnavyoishi siku ambayo hamna mgeni. Taja hata chumvi.

Unasema afisa wa mahakama aliyepewa kesi yako ni mpole, anacheka na watoto. Sawa. Akija nyumbani, mpe kiti na maji. Samaki mtakula akishaondoka.

Bibi yako anayekuwaza