Mafahali Kwenye Joto la Banda

Kara-Bulung, 14 Novemba

Kaka Turat,

Kabla hata ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Kila alfajiri, baba akiwa bado kwenye chai, naingia bandani na kung'oa matambara aliyozibia dirisha. Naliacha wazi mpaka nisikie hatua zake uani, kisha naziba upesi.

Sasa nisamehe, u hali gani? Sisi wazima, ila mgongo wa mama unamsumbua tangu theluji ianguke. Amekwisha kufua matandiko yako, anasema ni bora yakungoje kuliko wewe uyangoje.

Barua hii nampa dereva Emil, anayekwenda huko kwa lori, akuletee, maana kwenye simu siwezi. Unajua baba anavyoiweka mezani sauti juu, na kila aliyekuja kunywa chai anasikia.

Mafahali waliposhuka kutoka malisho ya mlimani, mbavu zao hazikuonekana. Migongo ilikuwa mipana, ungeweza kuandalia chakula juu yake. Baba akawafungia wote saba, akakandika kuta kwa mavi ya ng'ombe, akaziba kila tundu kwa sufu kuukuu. "Baridi inakula nyama," anasema. "Na nyama ikiliwa, Turat anazidi kukaa ugenini." Sasa kuta zinatoka jasho, manyoya yao yamelowa, na macho yananiwasha nikiingia. Wanakohoa. Wanakula na hawanenepi.

Daktari wa mifugo, mama Salima, alimwambia mbele yangu, "Sagyn, ng'ombe mwenye majani tele na mgongo mkavu haogopi baridi. Anaogopa hewa kama hii."

Baba akacheka. "Mama daktari analala ghorofani, bomba la maji moto kando ya kitanda. Aje alale nje yeye kwanza, tumwone."

Uliahidi kwamba mafahali wakifikisha uzito mzuri wa mnada, utarudi na hutaondoka tena. Kwa hali hii hawatafikisha. Mimi nikianza kusema mbele ya baba, ulimi unakufa. Wewe atakusikia. Mwambie.

Mdogo wako,
Begaim

Novosibirsk, 9 Desemba

Mdogo wangu Begaim,

Salamu kwako, kwa mama na mgongo wake, na kwa baba. Emil amenipa barua inayonuka banda. Nimeipeleka puani mara mbili, jamaa wakanicheka.

Ukiniuliza hali, nitasema nzuri, nawe usiniamini sana. Tunalala wanane kwenye kontena, dirisha tumelipigilia nailoni, asubuhi dari linatudondoshea maji usoni. Kwa hiyo mafahali wako nawaelewa kuliko huyo daktari. Juzi niliomba tufungue kidogo. Jamaa mmoja wa mji wa Osh akaniambia, "Fungua, bwana, halafu utufunike sote kwa koti lako." Tukacheka, dirisha likabaki vilevile.

Nitamwambia baba. Jumapili nikipiga simu nitamwambia waziwazi atoboe tundu chini ya paa, na mchana awatoe wakae nyuma ya ukuta unaokinga upepo. Wewe endelea na ububu wako, kazi hiyo ni yangu. Hapa wanataka nisaini mkataba wa miaka mingine miwili. Nimewaambia wangoje, nina mafahali saba wa kunijibia.

Kaka yako,
Turat

Kara-Bulung, 27 Desemba

Kaka,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea.

Jumapili nilikuwa kando ya jiko, nikakusikia. Mzee Bakas alikuwepo, yule jirani ambaye paa la banda lake liliporomoka, na wazee wengine wawili. Baba akauliza, "Haya Turat, msomi wetu, sema mbele ya watu. Kuna wanaotaka nifungue banda. Nifungue?"

Ukasema, "Wewe ndiye unayejua, Baba."

Wazee wakakusifu. "Huyo amelelewa," wakasema.

Najua, Kaka. Mwana hampingi baba yake mbele ya wageni. Lakini walipoondoka, baba alichukua misumari akapigilia mbao juu ya dirisha. Siwezi kuzing'oa.

Fahali mwenye doa jeupe hasimami tangu jana.

Begaim

Novosibirsk, 20 Februari

Begaim,

Hamjambo? Nimeandika mara mbili nikachana. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, ila niliposikia wazee wakinywa chai, yakarudi tumboni. Jumapili iliyofuata nilitaka kuyasema, wakawa wapo tena.

Kila nikipiga, baba anasema ng'ombe wazima. Nijibu wewe. Wakubwa wa kazi wanataka neno langu kabla mwezi haujaisha.

Turat

Kara-Bulung, 3 Aprili

Kaka Turat,

Salamu. Natumaini kifua chako kizima. Mama bado anainama kwa shida.

Barua yako ilikwama huko njiani, theluji ilifunga barabara. Emil ameniletea jana tu, akaniambia umekwisha kusaini. Sikulia mbele yake.

Watatu walikufa. Wanne tuliwapeleka mnadani. Mchinjaji akawapapasa migongo, akamuuliza baba, "Hawa ulikuwa unawalisha nini, hadithi?" Watu wakacheka. Mafahali wa mzee Bakas, waliokaa nje nyuma ya ukuta wa udongo kwa kukosa banda, walinunuliwa kwanza. Walishuka mlimani pamoja na wetu. Siku hizi baba anazunguka njia ya mtoni ili asipite kwake.

Juzi nilimkuta bandani. Alikuwa ameng'oa mbao na sufu yote, upepo unaingia kila upande, na hakuna mnyama hata mmoja ndani. Amekaa kwenye hori. Alikuwa analia, Kaka, kama mtu mwenye kwikwi. Akasema bila kunitazama, "Salima alisema kweli. Mwanangu ningekuwa naye hapa." Halafu akasema, "Turat asijue. Aambiwe ni baridi iliyowaua."

Emil anarudi huko leo, barua itawahi. Jumapili atakuambia hivyo, simu mezani, wazee wamekaa. Watanyamaza, ingawa wanajua. Nawe kubali. Sema hata huko baridi ilikuwa kali mwaka huu. Na haya niliyoyaona bandani yaishie kwako. Usimwambie mama, usimwambie baba hata mkiwa wawili tu. Ukimaliza kusoma, itie barua hii kwenye jiko lenu.

Mdogo wako,
Begaim