Bibi, Ule Mnara Ulikuwa wa Nini Hasa?

Bibi yangu wa Ngumbo,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuanza kukulaumu kabla sijakusalimia. Ungekuwepo ungesema, "Marahaba, mke mwenzangu, umekula?" na hasira yangu ingeisha kabla sijaitumia. Safari hii haiishi. Ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na nimekaa ofisini na barua ya kujieleza mbele yangu. Nimepewa siku saba nieleze kwa maandishi kwa nini jalada la kijiji lina maelezo matatu tofauti kuhusu kitu kimoja, yote yakiwa na mwandiko wangu, na yote yakiwa na alama ya dole gumba lako.

Hii ninayokuandikia wewe naiacha wazi, asome anayetaka, kwa sababu uliowajibu ni wengi na wengine sijui walipo.

Ni ule mnara, Bibi. Ule wa mawe ulio juu ya nyumba yako, pale njia ya kutoka ziwani inapomaliza mlima na kushika uelekeo wa Litembo. Kimo chake ni cha watu wawili, mmoja akisimama mabegani mwa mwenzake. Ni mviringo, umepangwa mawe matupu bila udongo wala saruji, hauna mlango, hauna maandishi, una tundu moja tu linalotazama ziwa. Kila mzee niliyemuuliza anasema aliukuta, na baba yake aliukuta.

Hata wewe uliukuta! Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hukuzaliwa pale. Ulipanda kutoka Ngumbo ukiwa binti, Mwanglikana umeolewa na Mkatoliki wa milimani, mnara ukiwa umesimama tayari. Lakini nyumba yenu ilikuwa njiani, kwa hiyo kila mgeni aliyetaka habari zake alipiga hodi kwako. Na wewe katika maisha yako yote hukuwahi kumwambia mgeni neno "sijui". Uliona ni sawa na kumfungia mlango.

Nilikuwa kidato cha pili walipokuja wale wanafunzi wa chuo na mwalimu wao mwenye miwani. Walitaka vita. Kila swali lao lilikuwa na Wangoni ndani yake. Ulimtazama yule mwalimu, ukamwona amechoka na viatu vyake vimefunguka soli, ukamhurumia.

"Ndiyo, mwanangu," ukasema. "Ulikuwa wa ulinzi. Kijana alipanda juu, akachungulia kwenye tundu, akiona Wangoni anapiga kelele, watu wanakimbilia mapangoni."

Walifurahi mpaka mmoja wao akakukumbatia. Ukaniita nije niandike, maana ulisema mwandiko wangu unasomeka hata na mtu mwenye njaa. Niliandika. Walipoondoka nikakuambia, "Bibi, tundu linatazama ziwani. Wangoni walitokea upande wa Songea. Au walizunguka kwa mitumbwi?"

"Wewe shule imekuharibu," ukasema, ukaendelea kuchambua maharage.

Mwaka uliofuata akaja padre. Yeye hakutaka vita, alitaka kujua kama pale palikuwa pa matambiko, kwa sababu alifikiria kupeleka maandamano ya Ijumaa Kuu mpaka pale juu. Ukamwambia ni kaburi. Mzee mmoja mwema, aliyeishi kabla dini hazijafika, alizikwa humo akiwa amesimama.

"Alikuwa mwema kiasi gani, mama?" akauliza padre.

"Sana, Baba. Hakuwahi kumpiga mke."

Padre alicheka, kisha akavua kofia na kuomba pale palepale. Nikaandika.

Wa tatu alikuwa bwana shamba. Huyo alipenda mashimo yetu ya ngoro, yale tunayolimia mlimani ili mvua isibebe udongo, na ulimsoma kabla hajakaa. Ukamwambia wazee walipofungua mashamba walikuta mawe mengi, wakayakusanya na kuyapanga vizuri yasiporomokee mahindi. Bwana shamba akajipiga pajani kwa furaha: "Kumbe! Hifadhi ya udongo!"

Siku hiyo niligoma. Nilikushika mkono jikoni nikanong'ona, "Bibi, kwa padre ulisema kaburi."

"Kwa padre aliuliza nani?"

"Padre."

"Na leo anauliza nani?"

"Bwana shamba, lakini Bibi..."

"Sasa bwana shamba kaburi atalifanyia nini? Andika, mke mwenzangu. Mgeni atachelewa gari."

Kila karatasi ilitolewa nakala moja ikabaki ofisi ya kijiji, kwa sababu mwenyekiti wa wakati ule alipenda kila mgeni aache nakala. Hakuna aliyezisoma. Zililala kabatini miaka yote hiyo, zikinisubiri nimalize chuo, niombe kazi, nipewe mkataba wa ukarani katika ofisi ileile, na siku moja niambiwe, "Binti, tafuta humo kabatini chochote kinachohusu ule mnara."

Kwa nini waliutaka? Barabara, Bibi. Ile uliyoililia. Inachimbwa sasa kutoka milimani kushuka ziwani, na imefika chini ya nyumba yako. Pale kwenye korongo inataka kalavati la kupitishia maji, na kalavati linataka mawe. Msimamizi wa mkandarasi, mtu mnene mwenye kofia ngumu ya njano, aliuzunguka mnara mara moja akarudi ofisini anatabasamu. "Mawe yamechaguliwa tayari, yamepangwa tayari. Kazi yetu ni kupakia tu." Halmashauri ikaleta fomu. Kabla mawe hayajachukuliwa, kijiji kieleze mambo mawili: asili ya mnara na matumizi yake. Kama hayupo wa kueleza, basi ni mawe kama mawe mengine. Mkutano wa kijiji ungeamua Alhamisi.

Naomba unielewe. Barabara naitaka. Nimeona wajawazito wakibebwa kwenye machela kupelekwa hospitali Litembo, na wewe umeona wengi zaidi. Mtendaji wa kijiji, bosi wangu, naye anaitaka, na si mtu mbaya. Nilipompelekea zile karatasi tatu alizisoma moja baada ya nyingine, akavua miwani.

"Huyu aliyeweka dole ni nani?"

"Bibi yangu."

"Na aliyeandika?"

Nadhani nilitaka kusema kitu kuhusu mwandiko kufanana.

"Haya," akasema. "Mimi sitaki kesi. Chagua moja. Mimi ningechagua ile ya mawe ya shambani, kazi iishe. Ijaze kwenye fomu, saini, hizo nyingine sijaziona."

Msimamizi wa mkandarasi alikuwa amekaa pale kwenye benchi anakunywa soda. "Bibi yako alikuwa na maneno," akasema. "Mtu mwenye majibu matatu hana hata moja. Hakuna kitu pale, mdogo wangu. Andika twende."

Nikaenda na ile fomu nyumbani, nikashindwa kula. Unajua nilivyo. Mimi ni mtu wa kurudi nyuma kuhakikisha mlango nimefunga, kisha kurudi tena. Nikichagua la shambani, mnara unavunjwa kwa saini yangu. Nikichagua la Wangoni au la kaburi, mnara unapona kwa uongo ulio na saini yangu, na siku wakija wataalamu wakalitazama lile tundu, mkataba wangu hauongezwi. Nilikukasirikia, Bibi, mpaka nikaongea peke yangu. Ungetamka neno moja tu, "sijui", mara tatu, ningekuwa mtu huru.

Jumamosi nilipanda na futi ya fundi cherehani, nikasema angalau nijaze vipimo, kwa kuwa vipimo havibishani. Nilikuwa nimepiga magoti napima kitako cha chini nilipowasikia akina mama wanapanda kutoka ziwani na mizigo ya usipa. Unakumbuka harufu yake, ile ya dagaa waliokauka vizuri. Wa kwanza alifika, hakunisalimia hata, aligeuka, akarudi kinyumenyume mpaka mnarani, akashusha mzigo kutoka kichwani mpaka kwenye ule ukingo wa mawe unaotokeza ukutani, usawa wa kichwa chake. Hakuinama. Hakuomba msaada. Mzigo ulitoka kichwani ukakaa ukingoni kama mtu anayehama kiti.

"Karani, unapima nini?" akauliza.

"Mama, huu mnara ni wa nini?"

Akanitazama kama vile nimemuuliza miguu ni ya nini. "Wa kutulia mzigo. Au hunioni?"

"Zamani, namaanisha. Ulijengewa nini?"

"Zamani sikuwepo. Sogea, mwenzangu ashushe."

Wakacheka. Walikaa kidogo, wakajipepea, wakanisema kwa futi yangu, mmoja akataka nimpime kiuno. Kisha kila mmoja akasimama mbele ya mzigo wake, akapenyeza kichwa chini yake, akanyooka, akaondoka. Peke yake, bila mtu wa kumtwika.

Nikabaki pale nimeshika futi, na ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikuwa nimekikumbuka tangu utoto. Nina miaka saba. Tumetoka kwa ndugu zako Ngumbo, nina kikapu kidogo cha usipa kichwani, shingo inaniuma na nimekataa kulia. Umetua mzigo wako juu. Ukanigusa bega ukanionyesha ukingo mwingine, wa chini, usawa wa kichwa changu, ukasema, "Chako hiki." Nikashusha mwenyewe. Nilijiona mtu mzima.

Nilipima kingo zote mbili. Wa juu ni wa mwanamke mwenye mzigo. Wa chini ni wa mtoto mwenye mzigo. Zimezunguka mnara mzima, wala si mawe mawili yaliyotokea kwa bahati. Sijui kama waliojenga walikusudia hivyo au waliongeza waliokuja baadaye. Sitaki kuanza kutunga kama wewe.

Kwenye fomu, palipoandikwa "Asili", nikaandika: Haijulikani. Palipoandikwa "Matumizi" nikaandika nilichokiona kwa macho yangu Jumamosi ile, na vipimo. Nikasaini.

Alhamisi Mtendaji aliniambia niisome mwenyewe mbele ya mkutano. Nilisoma na fomu, nikasoma na zile karatasi zako tatu, kwa sababu niliogopa kuzificha kuliko nilivyoogopa kuzisoma. Watu walicheka Wangoni, wakacheka kaburi, wakageuza shingo kunitazama niliposema yote yaliandikwa na mimi. Msimamizi akasimama.

"Mwenyekiti, swali dogo. Binti amelelewa na huyo bibi chini ya mnara. Ametusomea walichoambiwa wageni. Yeye aliambiwa nini?"

Bibi, nilifungua mdomo. Ningeweza kusema chochote. Mkutano mzima ulikuwa unangoja, na jibu la nne lilikuwa kwenye ulimi, zuri kuliko yako yote.

"Sikuwahi kumuuliza," nikasema.

Hawakucheka. Nadhani iliwauma kidogo, kwa sababu hata wao hawakuwahi kuwauliza wa kwao. Mama mmoja wa nyuma, yule aliyetaka nimpime kiuno, akasema bila kusimama, "Hayo ya asili mtajua wenyewe. Mkiuvunja, nani atakuwa ananitua mzigo? Wewe mwenye kofia?" Hapo ndipo kicheko kikarudi. Mwenyekiti alipouliza wanaokubali mawe yachukuliwe, iliinuka mikono tisa, na mmoja ulishuka. Mkandarasi atachukua mawe mtoni. Itamchelewesha, na amenuna, na barabara itafika hata hivyo.

Kesho yake nikapewa barua ya kujieleza. Mtendaji aliniwekea mezani bila kunitazama. Alisema, "Si kwa ubaya. Umeyasoma mbele ya watu, lazima nionekane nimefanya kitu."

Kwa hiyo nimekaa. Nimejaribu kukutetea mara nne na kila mara nimechana karatasi. Nilianza kwa kusema ulikuwa umezeeka, lakini ulikuwa na akili kuliko sisi sote. Nikasema ulichanganya habari, lakini hukuwahi kuchanganya hata kuku wako na wa jirani. Ukweli ni mwepesi na ndiyo maana unanitisha: hukujua, na hukutaka mtu aliyepanda mlima ule wote ashuke mikono mitupu. Na mimi nilijua kwamba hujui. Nilijua tangu kile kidato cha pili. Niliandika kwa mwandiko mzuri kitu nilichojua hakipo, kwa sababu nilipenda ulivyonisifu mbele ya wageni. Hilo si lako. Hilo nitalieleza kama langu.

Nilichokosa ni kile ambacho hakuna fomu inayokiuliza. Miaka yote ile nilikusahihisha, sikukuuliza. Jioni ngapi tumekaa kizingitini mnara ukiwa juu yetu? Ningesema tu, "Bibi, wewe unafikiri ulikuwa wa nini?" Labda ungenitungia na mimi. Labda kwangu mimi ungesema sijui. Ningetoa mengi nijue ni lipi kati ya hayo mawili.

Nikiongezewa mkataba, nitakuja kukufagilia kaburi nikiwa nimevaa viatu vya ofisi, unitanie. Nisipoongezewa, nitahamia kwenye nyumba yako pale njiani, na mgeni wa kwanza atakayepiga hodi kuulizia mnara nitamwambia sijui, nimkaribishe akae, nimuulize na yeye anavyodhani. Atakasirika kidogo. Tafadhali, usije ndotoni kunisahihisha.

Pumzika, Bibi. Bado nimekukasirikia.

Mjukuu wako