Tuliponyamaza Dukani kwa Mzee Karimu

Neema, mjukuu wangu wa Buffalo,

Hapa Louisville tuko wazima, Mungu asifiwe. Mama yako bado anafanya kazi kwenye bohari kule Shively, na mjomba wako wa Columbus amepata binti mwenye pua yangu.

Umeniuliza kwa nini mama wa rafiki yako Mpakistani anampigia simu akilia, akimsihi asisome mashairi yake hadharani. Unasema, shairi litamdhuru nani?

Bon, sikiliza. Ujanani nilishona nguo barazani kwa Mzee Karimu, Mpakistani aliyeuza vitenge Uvira, kwetu Kongo. Siku moja alipata barua kwamba ndugu yake kule kwao amefungwa, kisa shairi alilotunga kuhusu wanajeshi waliotawala. Akasimama, akatusomea shairi lenyewe, lililokuja na barua. Sisi mafundi tuliinamisha vichwa kimya, kwa heshima. Akaketi, akalia.

"Mbona mmekaa kama mko kilioni?" mkewe akatugombeza. "Kwetu mstari ukikugusa unapaza sauti, na msomaji anaurudia!"

Mzee akasimama, akaanza upya. Tukapaza sauti, ingawa lugha hatukuijua. Mstari mmoja aliurudia na kuurudia, mpaka wapita njia wakajaa mlangoni. Hapo nikajua waliomfunga ndugu yake waliogopa nini.

Rafiki yako akisoma tena, keti mbele. Usinyamaze.

Koko wako