Chapa ya Pili kwenye Glavu

Jumatatu, 3 Machi

Krrt. Mlio huo haujanitoka masikioni tangu asubuhi. Meno ya mjomba yakizama kwenye ngozi ya glavu yangu, mbele ya baraza zima, nami nimesimama pembeni nimemshikia kibatari aone vizuri pa kung'ata. Sasa glavu ina chapa yake. Kwa sheria yetu sisi panya, silaha ni ya aliyeitia chapa ya meno. Hakuna anayeuliza nani aliikata, nani aliishona, nani alipiga chafya siku kumi na nane akisaga pilipili.

Mimi.

Niandike hapa angalau, iwe imeandikwa mahali. Ni glavu ya kazi ya mwenye nyumba, ya mkono wa kushoto, aliyoitupa nyuma ya mashine ya unga. Nimeijaza pilipili kavu na jivu. Kila kidole nimekitoboa nchani, nikakitia mrija na kizibo cha nta. Mmoja anakaa mbele na kuelekeza vidole. Mwingine anakirukia kiganja kwa uzito wake wote — fuuu! — vumbi linakwenda hatua kumi. Vidole vitano, mapigo matano.

Mjomba ameliambia baraza kwamba wazo lilimjia akioga. Mjomba haogi.

Jumanne, 4 Machi

Mama anasema ninyamaze. Kaka yake ni Fundi Mkuu, na heshima ya mkubwa ni heshima ya nyumba nzima. Kwani nimepungukiwa nini? Nikamuuliza mama, mjomba alishawahi kutunga nini kingine? Akasema ngao za sabuni. Kisha akakumbuka, akaanza kupanga vyombo.

Ngao za sabuni ni zake kweli, hizo simnyang'anyi. Nyepesi, ngumu, zinateleza. Nguchiro akikukamata unamponyoka. Wazo zuri kwa kiumbe yeyote asiyekuwa panya. Walinzi walikabidhiwa ngao arobaini siku ya Ijumaa. Jumapili zilibaki mbili, na kikosi kizima kilikuwa kinaharisha povu. Ripoti ya mjomba ilisema sabuni ilikuwa na hitilafu. Akapandishwa cheo.

Nilisoma miaka minne darini, kwenye vitabu vya wenye nyumba, na nilivisoma kabla ya kuvila. Wenzangu wengi walianza na hilo la pili. Ndio wanaokaa barazani sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Nguchiro amerudi. Anachimba upande wa mashariki, nyuma ya chumba cha dada yangu. Dada ana watoto saba, wa siku tano, hawajafumbua macho. Hawahamishiki, ukiwatoa kwenye joto lile hawafiki jioni. Kati yao na nguchiro kuna udongo tu. Mkuu wa walinzi, tunamwita Pengo, ameupima: asubuhi shibiri nne, jioni tatu.

Nilikwenda kumwona dada. Ameegemeza mgongo ukutani kana kwamba ataushikilia yeye. Vumbi linawadondokea watoto, anawapangusa kwa mkia. Akaniuliza kama ile silaha ya mjomba inafanya kazi. Nikasema inafanya. Hilo la "ya mjomba" nikalimeza.

Baraza limekaa kutwa. Wenye nyumba wana msemo, panya wengi hawachimbi shimo. Wangehudhuria kikao chetu kimoja tu wangeongeza: wala hawalizibi. Saa mbili nzima zilikwenda kubishana kama kikao ni cha dharura au cha kawaida, kwa sababu cha dharura hakina viburudisho. Kikawa cha kawaida. Mwishowe, midomo ikiwa imejaa, karani akasoma sheria: kila mwenye chapa ataibeba silaha yake mbele, mara ya kwanza inapotumika.

Wote wakamgeukia mjomba. Sijawahi kuona sharubu zikinywea namna ile.

Ijumaa, 7 Machi

Mjomba amekuja karakana. Hata sijamwamkia, ameniuliza nimeamkaje. Nikajua kuna jambo.

"Mpwa wangu, nimekaa nikatafakari. Haki ni haki. Kazi hii ni jasho lako."

"Tangu lini, mjomba?"

"Tangu mwanzo nilijua. Nilikuwa nakushikia tu."

Kama mtu anavyokushikia tonge mdomoni mwake.

Anataka niing'ate glavu palepale alipong'ata yeye, chapa yangu iimeze yake. Ndivyo mali inavyohama kwetu. Mimi ni kijana, nina magoti, anasema; yeye mgongo unamsumbua. Mgongo huohuo aliuinamisha vizuri sana Jumatatu kupokea makofi. Nikamwambia nitafikiria.

"Fikiria haraka, mwanangu. Ukuta umebaki shibiri moja na nusu."

Hesabu hiyo anaijua kuliko baba wa wale watoto.

Nimeipakata glavu tangu ameondoka. Nisipoing'ata, anakwenda yeye, na hajui hata kidole cha kuanzia. Gumba lazima liwe la mwisho. Ukianza nalo, hewa inageuka na pilipili yote inakurudia usoni. Nguchiro atampita kama kizingiti, na nyuma ya kizingiti kuna watoto saba. Nikiing'ata alivyotaka, nakwenda mimi, naye anabaki nyumbani akisimulia alivyonilea. Nikifa atasoma risala. Najua hata pale atakapotulia ili afute machozi.

Na mimi je? Nataka kuwaokoa, au nataka nionekane nikiwaokoa? Nimejiuliza hivyo mpaka nimejichukia. Watoto hawahitaji nijue jibu. Wanahitaji mtu pale ukutani.

Jumamosi, 8 Machi

Nusu shibiri. Kucha zake zinasikika wazi.

Asubuhi mjomba alikuja na mashahidi kabisa, Pengo na karani, ili mambo yawe rasmi. Alikwishaanza kutabasamu. Nikachukua glavu, nikang'ata.

Pembeni. Siyo juu ya chapa yake. Sasa zipo mbili, zimekaa jirani, kila moja inasomeka.

Karani akainama, akazitazama muda mrefu, akafungua kitabu cha sheria — kurasa zilizobaki bila kuliwa. Kila mwenye chapa, akasoma. Wenye chapa ni wawili. Wanakwenda wote wawili.

"Mwanangu," mjomba akasema, sauti nyembamba, "umekosea mahali."

"Sikukosea, mjomba. Nilipima."

Pengo alicheka mpaka likaonekana pengo lote. Akasema ni afadhali, Fundi Mkuu, maana chombo chenyewe ni cha watu wawili.

Na kweli ni cha watu wawili. Mimi ni mwepesi kama njiti. Nikikirukia kiganja hakitoi hata pumzi. Mjomba ni mzito. Katika maisha yangu yote sijawahi kufurahia jambo lolote la mjomba kama uzito wake.

Tupo chumbani kwa dada sasa. Mimi nipo mbele, kwenye vidole. Yeye yuko nyuma yangu juu ya kiganja, anatetemeka mpaka glavu nzima inatetemeka. Nimemfundisha: nikisema ruka, ruka. Ameniuliza mara tatu neno ni lipi. Nyuma yake palikuwa wazi, na nimemwona akipatazama. Kwa hiyo nilimwambia Pengo apange vifuko vya mchanga hapo, kati yetu na dada na watoto, kuanzia chini mpaka darini, bila kuacha upenyo. Ameshapanga.

Mjomba anauliza tutatokea wapi. Nimemwonyesha ukuta.