Kioo cha Mfano

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utaiacha nusu, kama unavyoacha kila kitu isipokuwa chai. U hali gani? Watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Shemeji alinipigia simu juzi. Alisema uvimbe wa titi lako umepimwa, daktari amekuandikia dawa, nawe umekataa katakata. Eti umemwambia dawa za saratani zilimmaliza mama nywele, kucha, mwisho pumzi, na hutaki kupita njia ile ile. Nilibaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Ulizoea kunitania kwamba nalipwa kupaka nyama rangi. Ndiyo kazi yenyewe. Juu ya seli kuna vipokezi, acha niviite masikio, vinavyopokea amri ya kukua. Vikizidi, seli ya saratani inasikia amri hiyo mchana kutwa na haikomi kuzaana. Ipo dawa ya kuyaziba masikio hayo, ndiyo uliyoandikiwa wewe, lakini daktari haitoi mpaka sisi wa maabara tuone duara la kahawia kuzunguka kila seli.

Kipande cha uvimbe wa mama kilipoletwa maabara, mkuu wetu alisema ndugu hapimi ndugu. Nilimsihi mpaka akachoka. Mama alikuwa amesubiri wiki tatu, na madaktari walikuwa wanakutana saa nane mchana ule kuamua tiba yake. Sikungoja vipande vya wagonjwa wengine nivipake pamoja. Nilikipaka chake peke yake, juu ya kioo chembamba tunachotazamia kwa hadubini. Kioo kilitoka buluu tupu, bila duara hata moja la kahawia. Nikaandika kwamba hana vipokezi, akaanzishiwa dawa za kawaida za saratani. Mengine uliyaona, wewe ndiye uliyemwogesha.

Tangu tumzike, namsikia akikohoa kwenye korido ya maabara. Nikiinua kikombe, duara la chai linabaki mezani, la kahawia, nami nalifuta mpaka kitambaa kinatoboka. Wenzangu wanadhani nimekuwa msafi kupindukia. Naogopa, dada.

Sasa nikwambie nilichoficha. Kila tunapopaka, tunaweka pembeni kioo cha mfano, chenye uvimbe tunaojua una vipokezi tele. Kisipogeuka kahawia, ujue rangi imeharibika, na kazi yote inarudiwa. Siku ile hakikugeuka. Nilikiona kwa macho yangu mawili. Nikajiambia kimezeeka tu, nikakitia kwenye droo, nikawahi saa nane.

Baada ya maziko nilikipaka upya kipande cha mama kwa rangi mpya. Kila seli ilikuwa na duara lake la kahawia. Nimekaa na jambo hilo mwaka mzima.

Dada, dawa unayoikataa haikumuua mama. Mama hakuipata. Ni mimi niliyemnyima.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu wetu. Hakufoka. Alinyoosha mkono tu, nikampa funguo za maabara.

Shemeji anasema daktari anakungoja Jumatatu. Nenda. Usinijibu, usinisamehe, nichukie ukipenda, ila unichukie miaka mingi.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji mwambie nashukuru kwa simu yake.

Ni mimi mdogo wako, ambaye mama alimwita Kiherehere, na hakukosea.