Aliyesema Mbili

Kuze, Mombasa
Alhamisi

Kwa dada yangu mpenzi Duaa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama huko Eldoret, na baridi imepungua. Nasi huku... hapa ndipo mimi huandika kwamba sote wazima, hatuna neno. Leo nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu: kila nilipoandika hivyo nilikuwa nadanganya kidogo. Usishtuke, hakuna mgonjwa. Nimetumia karatasi kwa sababu simu ya nyumba kila mtu huisoma.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja aitwaye Jael, ametumwa na mradi unaotaka kujua watu wanaishi vipi, ili mtaa wenye dhiki zaidi uletewe mabomba ya maji kwanza. Swali lake kubwa: kutoka sufuri mpaka kumi, umeridhika kiasi gani na maisha yako? Nawe wamjua Mama akisikia mgeni yuwaja. Alipiga deki, akatoa vikombe vya harusi yake, na yale madumu ya maji akayasukuma nyuma ya pazia, akanionya nisimwaibishe. Jael alipouliza habari ya maji, Mama akasema twamshukuru Mola, akamwongeza mahamri. Huko chini muuza maji wa mkokoteni alikuwa akipiga kelele za bei. Na maisha je? Kumi, akasema Mama, tena kama anayesikitika kuwa hakuna kumi na moja.

Kumbe kila nyumba ni hivyo hivyo. Nani atamlalamikia mgeni, tena kabla hajamaliza chai? Maskini Jael alilishwa mlango kwa mlango mpaka akawa anapanda ngazi ameshika kiuno.

Jana akaitisha kikao uani mwa madrasa kutusomea majibu. Akasema katika mitaa yote aliyozunguka hakuna wenye raha kama Kuze. Watu wakapiga makofi, wengine wakampa mkono mwenyekiti wetu, Bwana Kamaludin, utadhani raha kaileta yeye. Ndipo Jael akamalizia kuwa, kwa sababu hiyo, mabomba yetu yatakuwa ya mwisho. Makofi yalivyokatika, ungecheka! Bwana Kamaludin akaruka kusema watu hapa wanateseka, na kama haamini amuulize yeyote. Jael akatugeukia, akauliza, haya, habari za hapa? Ua mzima ukajibu kwa sauti moja: njema, alhamdulillahi!

Jael alicheka hadi akafuta machozi. Akasema atarudi Jumamosi kuuliza upya, lakini lazima mtu aanze kusema kweli mbele ya wenzake, ndipo wengine watafunguka. Akaongeza kuwa yuko mmoja tu aliyempa mbili, naye hatamtaja. Basi njia nzima ya kurudi nyumbani Mama alikuwa akimsaka huyo wa mbili. Mtoto wa nani huyo asiye na shukrani? Jirani yetu Mama Sufyan akasema si wa kwake. Mama akaapa wala si wa kwetu.

Dada, ni mimi. Jael aliniuliza pale ngazini, Mama yuko jikoni anamfungia mahamri ya njiani. Nilisema mbili kwa kuwa kila alfajiri nayapandisha madumu yale ghorofa tatu peke yangu, nafika shule sketi imelowa, nakaa nyuma nisionekane. Na tangu uondoke sina wa kunong'ona naye. Hata hizo mbili, moja ilikuwa ya mahamri.

Jumamosi nikinyamaza, sote tutajibu njema tena, na maji tutayasikia kwa majirani. Lakini siwezi kusimama pale uani na Mama hajui. Mdomo wenyewe huu, unaujua, hata mwalimu akiita jina langu hunitoka hewa tupu.

Mama akusalimu sana. Wasalimie wenzako wa chumbani, na usome kwa bidii.

Nasikia ndara za Mama ngazini. Siku zote mimi huficha karatasi chini ya mto. Leo nimeiacha mezani, maandishi juu, na kiti nimemsogezea.

Nduguyo akupendaye,
Aqsa